Mkwaju mmoja (hii alama /): kwa madogo mnaoanza kugusa seva ya mafaili

Mwakeye wadogo zangu. Juzi nimesimama nyuma ya dogo wa field namwangalia anarekebisha bagi ya pathi (njia ya kufikia faili ndani ya kompyuta) kwenye kaseva ketu ka mafaili, nikaona kaandika replace ya "../" (ile ya kupanda folda moja juu, ambayo mtu huitumia kutoka nje ya folda aliyoruhusiwa) kwenda hewani, yaani ifutwe tu, halafu kageuka kunitazama anatabasamu utadhani kafunga goli la ugenini. Nikacheka, nikakasirika, mwisho nikanyamaza maana mstari ule ule niliwahi kuuandika mimi, kwenye meza ile ile inayotazama ziwa. Sasa nayaandika haya ili nisirudie kuongea kila field zinapoanza.

1. Ukifuta "../" kwa replace, mtu anakutumia "....//". Replace inapita mara moja, inachomoa ya katikati, vilivyobaki pembeni vinashikana na unapata "../" mpya kabisa, tena umeitengeneza wewe. Usisafishe pathi ya mtu. Ikiwa mbaya ikatae, mrudishie kosa, andika kwenye logi (daftari la seva la maombi), basi.

2. Hapa ndipo penye aibu yangu, ngoja nivute kiti. Ilikuwa ofisi moja hapa Kigoma mjini, siitaji jina. Bosi alitaka kujua nani kafungua faili gani saa ngapi, nikawaandikia kaseva kwa Python, unafungua kwenye brauza, mwisho wa anwani kuna "faili=" na jina la unachokitaka. Watu wote wanaruhusiwa /data/hesabu. Pembeni yake kuna /data/hesabu-mishahara, hiyo ya mhasibu peke yake. Mimi tayari nilishaachana na replace, najiona mkubwa, nikatumia realpath kupata pathi halisi halafu nikauliza: je, inaanza na "/data/hesabu"? Ikianza, mpe. Nikatesti na /etc/passwd, faili la Linux lililo nje kabisa ya folda yetu, ikakataa, nikafunga kompyuta nikaenda kula migebuka.

Sasa soma tena yale majina mawili ya folda taratibu. /data/hesabu-mishahara inaanza na nini?

Kijana wa stoo, ambaye kompyuta anaijulia kwenye kuangalia mpira tu, aliona jina la folda kwenye skrini ya mhasibu, akajaribu kuandika faili=../hesabu-mishahara/ na jina la mwezi. Ikafunguka. Jumatatu asubuhi naingia ofisini naona kimya cha msibani, mama wa masijala ananiita pembeni, "Mwanangu, kumbe na wewe wanakupa hicho tu?" Hapo bado nilikuwa nacheka. Kilichoniumiza ni dereva wetu, mzee wa watu, makato ya mikopo yake yalikuwa mule mule, kila mtu akajua mwisho wa mwezi anabakiwa na nini, na kuanzia siku hiyo akawa anakunywa chai yake ndani ya gari.

Na bado sijafika kwenye baya lenyewe. Bosi aliponiuliza nilisema seva iko salama, labda mhasibu aliacha kompyuta wazi. Nilisema hivyo bila hata kufungua logi. Mhasibu akaitwa, akaandikiwa barua ya kujieleza. Jioni ndiyo nikafungua logi nikaukuta ule mstari wenye nukta zake mbili, ombi limekubaliwa, saa nne na dakika kumi na mbili. Nikaufunga. Nilikaa nao Jumanne nzima, nikarekebisha kimya kimya, nikaongeza mkwaju mmoja mwishoni, "/data/hesabu/", herufi moja jamani, na Jumatano ndiyo nikaenda kwa bosi, kisha kwa mhasibu. Mhasibu alinisikiliza huku anapanga risiti zake, hakupandisha hata sauti, akasema, "Sawa mdogo wangu. Ila ungesema Jumatatu." Mpaka leo tukikutana sokoni Mwanga mimi ndiye ninayewahi kusalimia.

Kwa hiyo malizia na mkwaju au tumia commonpath ya Python. Pathi ilinganishwe kipande kwa kipande, siyo kama neno.

3. os.path.join, ile ya Python ya kuunganisha vipande vya pathi, ukiipa kipande cha pili kinachoanza na mkwaju inakitupilia mbali cha kwanza chote. Ndiyo, chote.

4. Kagua baada ya kutafsiri herufi zilizofichwa kwenye anwani, siyo kabla. %2e%2e nayo ni nukta mbili, na seva ikiwa ya Windows mkwaju uliolala upande wa pili (\) nao ni mkwaju.

5. Simlinki, yaani njia ya mkato inayoelekeza kwenye faili au folda nyingine. Hata ukiwa na realpath yako safi, kati ya kukagua na kufungua kuna upenyo, na mwenye ruhusa ya kuandika humo ndani anaweza kubadilisha folda ikawa simlinki ya kwenda nje katika upenyo huo huo. Msidhani ni ushamba wetu wa mwisho wa reli: Samba, programu ya kugawana mafaili kwenye mtandao ambayo Andrew Tridgell aliitoa kwa mara ya kwanza kule Australia mwaka 1992, ilikutwa na tatizo la aina hii mwaka 2017, matoleo yote ya kabla ya 4.6.1 yalikuwemo isipokuwa ya zamani yaliyotolewa upya yakiwa na kiraka chake. Watu wenye akili kuliko mimi na wewe, miaka ishirini na tano! Linux kuanzia kerneli (moyo wa mfumo) 5.6 ina openat2, amri ya kufungua faili, yenye RESOLVE_BENEATH, unaiambia kerneli yenyewe fungua lakini usitoke nje ya folda hii, ukaguzi na kufungua vinakuwa kitu kimoja. Mkiweza tumieni hiyo.

6. Andika testi ya shambulio kabla hujagusa kodi. Iwe na folda jirani yenye jina linalofanana. Yangu nimeipa jina hesabu-mishahara, na dogo alishaniuliza kwa nini jina refu hivyo, nikamwambia atajua.

Leo mchana kaniletea marekebisho mapya. Replace katoa, kaweka realpath, kaweka startswith, lile swali langu la "inaanza na", nikashuka na macho mpaka mwisho wa mstari: "/data/hesabu". Hakuna mkwaju. Sikusema kitu, nikamwambia aendeshe testi, nikatoka nje kutafuta chai.