Asilimia 10 si ya kujengea zahanati
Ndugu, unauliza kama fedha za asilimia 10 za halmashauri zinaweza kujenga zahanati yenu: hapana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo zahanati yenu ya kuwatibu wasio na bima hapo Moshi haimo. Ombi la zahanati lianzie mkutano wa mtaa, kisha lipite kamati ya maendeleo ya kata mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nimekaa kwenye kamati ya namna hiyo: barua isiyoambatanishwa na muhtasari wenye muhuri wa mtendaji na orodha ya mahudhurio yenye sahihi hata haisomwi. Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za maendeleo za jimbo la ubunge, nao hupokea miradi ya jamii, ingawa fungu lake ni dogo.