Kabla ya kuuliza mtarudi lini, uliza watu wenu wako wapi

Shalom mtumishi. Uzi wako nimeusoma mara mbili. Mko Mwanza tangu mama afanyiwe upasuaji, Bukavu mnakotumika, mashariki mwa Kongo, iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Februari 2025, wanaowachangia wanauliza mtarudi lini, na wewe unaona aibu kukaa nyumbani wakati waumini wako wanateseka. Unauliza: twende sasa au tungoje? Nakujibu kwa yaliyotupata mimi na mke wangu, maana tulikaa kwenye kiti hicho hicho mwaka mzima na zaidi.

Tulikuwa tunatumika Rumonge, Burundi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Januari 2015 nilianza kukohoa. Nikasema ni vumbi, nikanywa tangawizi, nikaendelea kuhubiri. Machi nilikuwa nimekonda hadi mkanda ukaongezwa matundu. Tukavuka mpaka Mugina, tukapita Manyovu, tukaingia Kigoma. Nikapimwa makohozi: kifua kikuu. Dawa miezi 6, nne kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi 4. Mtoto wetu wa miaka 3 naye akaanzishiwa dawa ya kinga. Rumonge tuliacha kila kitu, hata unga ndooni, kwa sababu tulijua Septemba tunarudi.

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 26, Bujumbura ikalipuka kwa maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. WhatsApp ikafungwa kwenye simu. Mei 13 kukawa na jaribio la mapinduzi, Rais mwenyewe akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na redio binafsi zikashambuliwa zikanyamaza. Habari za watu wetu zikabaki ni ujumbe mfupi wa simu, tena wa kubahatisha.

Sasa sikia kosa langu, kwa sababu nakuona unalielekea. Nilichanganya subira mbili, ya mwili kupona na ya nchi kutulia. Siku Burundi ikitulia kidogo, nilijiona nimepona. Siku nikipata nguvu, niliona na Burundi imetulia. Julai kikohozi kilikuwa kimekwisha na kilo zimerudi, nikapanga kubeba dawa zilizobaki nivuke. Nesi wa kliniki, mama mtu mzima, akaweka kadi yangu mezani akaniuliza: "Barabara ikifungwa dawa zikakuishia, TB ikawa sugu, utaipeleka kwa nani? Kwa waumini wako?" Nilirudi nyumbani kimya, nikamaliza dozi.

Kwa hiyo mtumishi, mwili wa mama auamulie daktari wake, na umwambie ukweli wote. Usimwambie "tunasafiri." Mwambie njia ilivyo, saa ngapi kwenye gari, atalala wapi, hospitali ya karibu iko umbali gani. Ruhusa ya daktari asiyejua safari yenyewe si ruhusa.

Usalama nao wasiuamue wanaowachangia, wala huruma yako. Wauamue wenyeji. Lakini angalia unavyowauliza. Mimi nilimwandikia mzee wetu wa kanisa: "Mnatuhitaji?" Akajibu sana, sana. Mke wangu akaniambia swali hilo hakuna Mrundi atakayekujibu hapana, uliza vizuri. Tukauliza tena: "Tukija mwezi huu, mtabeba mzigo gani kwa ajili yetu?" Jibu likaja baada ya siku tatu: "Watu wanne wa kuficha. Kaeni. Tukiwa tayari tutawaita." Iliniuma. Nililia, sisemi uongo. Lakini tangu siku hiyo nilijua nimesimama wapi.

Na hapa ndipo nataka unielewe zaidi. Mei hiyo hiyo maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji chembamba cha Tanzania karibu na mpaka, kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ilikuwa inasimama majini, watu wanapelekwa kwa mitumbwi, wanaletwa Kigoma mjini, wanapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi hadi kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Makohozi yangu yalikuwa yameshapimwa tena na kuonekana safi, kliniki wakaniruhusu nusu siku. Nikaenda uwanjani kutafsiri Kirundi, kwa sababu hicho ndicho nilichokuwa nacho.

Siku ya pili nasikia naitwa kwa nyuma, "Pasita!" Ni mama aliyekuwa anafagia kanisa letu. Hana viatu, miguu imevimba, mtoto mgongoni. Akafungua fundo kwenye pindo la kitenge chake, akatoa ufunguo wa kanisa. "Nilifunga mwenyewe," akasema. Alikuwa ameacha masufuria, akabeba ufunguo.

Wiki zile nilikuwa nimekaa chumbani nikilia na Mungu anirudishe kwa watu wangu, na sehemu ya watu wangu ilikuwa inashuka gatini Kigoma. Hadi dozi inaisha, nilikuwa nimefika Nyarugusu mara nyingi, na ibada zetu za Kirundi zilifanyika chini ya turubai.

Waumini wako wote wako Bukavu kweli? Februari 2025 maelfu walivuka Mto Rusizi wakaingia Burundi, wengi wakawekwa kwenye uwanja wa Rugombo. Chukua daftari, andika familia moja moja, piga simu, uliza kila mmoja yuko wapi. Kazi hiyo mama anaweza kuifanya akiwa kitandani, na pengine ndiye atakayeifanya vizuri kuliko wewe.

Kuhusu fedha nasema kwa kifupi. Sisi waliotutuma walipunguza posho kwa sababu nilikaa kimya kwa aibu. Waandikie kila mwezi: tarehe ya kliniki, wenyeji wamesema nini, mnafanya nini. Waeleze pia kwamba mabenki ya Bukavu yalifungwa mji ulipotekwa, wasidhani kutuma fedha ni jambo la dakika mbili.

Tuliitwa Agosti 2016. Nilitangulia peke yangu wiki mbili, familia ikafuata baadaye. Kufuli la kanisa lilikuwa lile lile.

Nijibu hapa hapa wazee wako wa Bukavu watakachosema ukiwauliza kuhusu mzigo. Na mama ana kliniki lini?