Ekzosti breki ya Canter kwenye Land Cruiser: niliyoyaona uwani kwangu na mteremkoni Soni

Ukishuka Lushoto na mzigo wa kabichi nyuma, Mombo unaisikia kwa pua kabla hujaiona. Ni kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona kupitia Soni, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili, na magari yote yanayofika chini yananuka breki. Yangu ilikuwa inanuka kuliko zote. Land Cruiser pikapu, injini ya 1HZ isiyo na tabo, tani moja nyuma na wakati mwingine zaidi kidogo (tusidanganyane). Nilikuwa nabadilisha pedi za mbele kama mtu anayebadilisha soksi.

Wenye Canter walikuwa wananicheka. Wao wanavuta kijiti pale kwenye usukani, gari linatoa mlio kama mtu anayekoroma, basi wanashuka taratibu mguu ukiwa umepumzika. Ndipo nikaamua na mimi nifunge ekzosti breki, tena nyumbani, kwa mikono yangu na ya mdogo wangu.

Kwa asiyeijua: ni kipepeo cha chuma ndani ya bomba la moshi. Ukiachia mafuta kinajifunga, moshi unakosa pa kutokea, pistoni zinapopanda kuusukuma zinakutana na ukuta, na nguvu hiyo inarudi hadi kwenye magurudumu. Injini ya petroli ukiachia mafuta kuna kilango kinachobana hewa inayoingia, ndiyo maana inashika yenyewe. Dizeli zetu hizi za zamani zinavuta hewa kifua wazi, kwa hiyo mteremkoni zinashika kidogo mno.

Kabla ya kununua chochote, tengeneza breki ulizonazo. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nimeona watu wanafunga ekzosti breki ili waahirishe gharama ya pedi. Mimi nilianza na pedi mpya mbele, nikasafisha dramu za nyuma, nikamwaga mafuta yote ya breki ya zamani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa. DOT 3 mpya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji ya kutosha hushuka hadi 140 hivi, na joto hilo kona za Soni zinalifikia bila shida. Yakichemka yanatoa mapovu, na pedeli inazama hadi sakafuni. Kipepeo hakitakuokoa hapo.

Kifaa nilikipata Gerezani, Dar es Salaam, mtumba wa Canter yenye injini ya 4D33. Nilichagua hiyo kwa makusudi: 4D33 ni lita 4.2, na 1HZ ni lita 4.2. Muuzaji alitaka kunipa cha Fuso eti ni kigumu zaidi. Kigumu ndiyo, lakini ni kipana kwa bomba langu. Kabla ya kulipa, shika mkono wa kipepeo uuzungushe. Uende laini, na ukiuachia springi iurudishe wenyewe kwenye hali ya kufunguka. Kama unasita, acha hapo hapo, maana kipepeo kilichokwama kikiwa kimefungwa kitakuacha njiani. Kitazame pia dhidi ya mwanga kikiwa kimefungwa. Lazima uone upenyo mdogo. Kikiziba kabisa, presha inayorudi nyuma inaweza kusukuma valvu za moshi zifunguke wakati zinatakiwa zimefungwa.

Kukata bomba ni kazi ya asubuhi moja. Chomoa betri kwanza, nyaya zote mbili, maana mkondo wa kuchomelea unaweza kuua oltaneta, ile inayochaji betri. Gari nililiweka juu ya magogo ya mkaratusi, jeki nikaiacha kama mlinzi wa pili tu. Nilichagua sehemu baada ya bomba la mbele, karibu na injini kadiri mkono ulivyofika, nikachomelea flanji mbili ili siku nikitaka kukitoa nifungue bolti nne tu. Fundi wa kuchomelea alikuja na kipande cha bomba la maji, la mabati. Nikamkatalia. Ile rangi ya fedha juu yake ni zinki, ukiichoma inatoa moshi unaomlaza mtu na homa. Akanuna kidogo, akaenda kuleta chuma cheusi.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike haya yote.

Kipepeo hicho kinavutwa na vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya ya mahali palipofyonzwa hewa. Kwenye 1HZ vakyumu inatoka kwenye pampu ndogo iliyo mgongoni mwa oltaneta, na hiyo hiyo ndiyo inayolisha busta ya breki, kile chungu kinachousaidia mguu wako ili pedeli iwe laini. Maana yake unapofunga kipepeo unaomba chakula kwenye sahani ya breki zako. Mpira unaotoka kwenye pampu kwenda busta una valvu ya njia moja, kidude cha plastiki chenye mshale, kinachozuia vakyumu iliyoko kwenye busta isitoroke. Mimi nilikata mpira pale palipokuwa rahisi kufikia, nikaweka kiungo cha T. Palipokuwa rahisi palikuwa kati ya valvu ile na busta.

Safari mbili za kwanza zilikuwa raha tupu. Ya tatu, juu kidogo ya Soni, nikasikia ule mkoromo umekatika na gari limejilegeza, kama punda aliyekatika kamba. Nikakanyaga breki. Ikashika. Nikakanyaga tena, pedeli imekuwa jiwe. Niliisimamia kwa mguu mzima, mgongo ukiwa umebana kiti, nikarudisha gia ya kwanza kwa nguvu, nikavuta hendibreki huku naisogeza pikapu kwenye mfereji upande wa mlima. Kabichi tatu zilituruka, zikatangulia Mombo. Utingo wangu hakusema neno hadi tuliposimama. Kisha akasema, "Kaka, mimi nashuka."

Injini ilikuwa bado inanguruma. Nikazima swichi ya ekzosti breki, na baada ya muda mfupi pedeli ikalainika. Hapo nikajua. Mpira wa kwenda kwenye kipepeo ulikuwa umelegea kwenye klampu, ukalalia bomba la moto ukayeyuka. Swichi ikiwa imewashwa, tundu lile lilikuwa linamwaga vakyumu ya busta moja kwa moja. Mzee mmoja fundi wa Mombo, aliyewahi kuendesha malori miaka mingi, aliinama akatazama kwa dakika moja tu, akaniuliza, "Kijana, huu mshale unatazama wapi?"

Kwa hiyo T inakaa upande wa pampu, kabla ya valvu ya njia moja. Hata ekzosti breki ikivuja, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, na hizo zinatosha kusimama. Mzee aliniongezea jambo jingine: kipande cha mwisho cha mpira, nusu mita ya kuelekea kwenye kipepeo, tukakibadilisha tukaweka kibomba cha shaba, kile kile cha mafundi friji. Shaba haiyeyuki kwa joto la bomba la moshi. Mpira ukaishia mbali, kwenye chasisi.

Umeme ni mfupi. Fyuzi, swichi kwenye dashibodi, swichi ndogo kwenye pedeli ya mafuta, nyingine kwenye klachi, kisha solenoidi, valvu ya umeme inayofungua vakyumu. Zote zimefuatana kwenye waya mmoja, ili ukigusa mafuta au klachi kipepeo kiachie. Usiruke ile ya klachi: ukikanyaga klachi kipepeo kikiwa kimefungwa, injini inaweza kukuzimikia katikati ya kona. Nilipoteza jioni nzima kwa sababu solenoidi niliyopewa Gerezani ilikuwa inanong'ona tu bila kufunguka. Canter nyingi ni volti 24, pikapu yangu ni 12. Nilinunua nyingine ya volti 12, yakaisha.

Ukishamaliza, washa gari, funga kipepeo kwa mkono, na upitishe tochi kwenye kila kiungo. Penye kuvuja patachora masizi meusi ndani ya siku chache. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu, na ukipenya kwenye kabini unakusinzisha kwanza, kwa hiyo usikubali hata uvujaji mdogo.

Njiani, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, ekzosti breki haijabadilisha hilo. Kwenye gia ya nne haifanyi kitu cha maana. Kwenye ya pili, injini ikiwa imechangamka, inashika vizuri. Kumbuka taa za breki haziwaki, kwa hiyo aliye nyuma yako hajui kama unapunguza mwendo. Mimi nagusa pedeli kidogo nimwonyeshe. Na wakati wa masika, barabara ya udongo kule Lukozi ikilowa na gari likiwa tupu, naizima kabisa au naweka foo wili. Bila hiyo inashika magurudumu ya nyuma peke yake, na nyuma nyepesi kwenye matope huanza kutafuta njia yake.

Pedi nilizoweka wakati ule bado zipo. Utingo alirudi baada ya wiki mbili, kwa sharti kwamba yeye ndiye akague klampu kila asubuhi, na anakagua kweli. Kazi iliyobaki ni kuhamisha swichi. Niliiweka chini ya dashibodi upande wake, na goti lake limeshaiwasha mara mbili akiwa usingizini.