Ukienda kwa Mtakatifu Yakobo, pima begi kwanza

Wanajumuiya wenzangu waliposikia naenda Hispania kuhiji Santiago de Compostela, mji unaosemekana una kaburi la Mtume Yakobo, kila mmoja alikuja na lake: rozari za kubarikiwa, chupa za kuletea maji ya baraka, picha ya marehemu mume wa mama mmoja ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Sikumkatalia mtu. Naanza kutembea kutoka mji wa Sarria, begi lina kilo 11, mwenye begi ana kilo 58.

Wazoefu wa njia ile husema begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Nilikuwa nimelisoma hilo nyumbani, nikaona ni woga tu.

Kutoka Sarria hadi Santiago ni kama kilomita 115, mwendo wa siku tano. Wengi huanzia hapo kwa sababu cheti cha hija hupewa aliyetembea angalau kilomita 100. Siku ya kwanza unaishia Portomarín, na ukivuka daraja la mto Miño, miguu imeshachoka, unapokewa na ngazi ndefu za mawe. Nilizipanda nikikaa kila baada ya hatua sita. Jioni navua soksi: malengelenge manne, moja limekaa chini ya kidole gumba kama gololi.

Nikiwa nimeinua miguu ukutani ndipo nikaifikiria hadithi yenyewe. Yakobo mwana wa Zebedayo aliuawa kwa upanga kwa amri ya Herode. Hilo limo katika Matendo ya Mitume. Yanayofuata ni masimulizi. Wanafunzi wake waliuweka mwili katika mashua isiyo na usukani, wengine husema ilikuwa ya jiwe, ikawafikisha Galicia, jimbo la Hispania ulipo mji wa Santiago. Wakamwomba malkia mpagani, Lupa, mahali pa kuzika. Akawatuma mlimani wakachukue ng'ombe wa kukokota mkokoteni, akijua fika kwamba ni mafahali wakali watakaowamaliza. Mafahali wakatulia, wakafungwa nira. Kaburi lilikuja kusahaulika hadi karne ya 9, mtawa aliyeishi peke yake aitwaye Pelayo alipoona mianga usiku, akamwarifu Askofu Teodomiro. Mfalme Alfonso wa Pili akatoka Oviedo kwenda kujionea, ndiyo maana huitwa hujaji wa kwanza.

Isome kabla hujafunga safari. Wanahistoria wana maswali yao, na mimi sikwenda kuamua kesi, ila bila hadithi hiyo utaona ng'ombe na mashamba ya mahindi tu, na lile gamba la kombe, alama ya mahujaji wa Yakobo, kwenye kila jiwe la njia utalidhani pambo.

Asubuhi nilipunguza. Picha niliitoa kwenye fremu, nikaitia ndani ya kitabu cha sala. Chupa nikaziacha. Rozari nilibaki nazo, na maombi yote nikayaandika kwenye karatasi moja, majina 14. Ukizidiwa kabisa, kuna magari yanayosafirisha mabegi hadi kituo kinachofuata kwa euro chache, si dhambi.

Mengine ni madogo. Piga mihuri miwili kila siku kwenye pasi yako ya hujaji. Viatu viwe vile ulivyokwisha kuvizoea. Koti la mvua hata kama ni Julai, maana Galicia hainyeshi kwa kalenda. Chetezo kikubwa cha kanisa kuu, Botafumeiro, hakibembezwi kila siku, usije ukanuna kama mimi. Na 2027 ni Mwaka Mtakatifu, kwa kuwa Julai 25, sikukuu ya Yakobo, inaangukia Jumapili: malazi yatagombaniwa, wahi.

Chini ya altare kuu kuna chumba kidogo chenye sanduku la fedha la masalia ya Yakobo. Foleni inasukuma. Nilitoa karatasi yangu, kumbe mvua ya Arzúa, mji mmoja wa njiani, iliingia mfukoni na wino umetapakaa. Majina tisa yalisomeka. Yale matano niliyataja kwa kukumbuka nani hukaa wapi kwenye mkeka wa jumuiya, kuanzia mlangoni.