Maswali ya Wasomaji: Vishawishi vya Kaunta ya Kulipia

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miaka sita. Kila tunapokwenda supermaketi huwa nimeandika orodha yangu nyumbani, na huifuata vizuri mpaka tunapofika kwenye foleni ya kulipia. Hapo mdogo, ambaye hukaa ndani ya toroli, hunyoosha mkono, na nikigeuka nakuta ameshashika chokoleti na karatasi ameshaichana kwa meno. Mkubwa akiona hivyo naye huanza kulia. Mara nyingi nashindwa na kununua, na mume wangu husema kwamba nawadekeza. Je, kosa ni langu? Na zile baa za nafaka na juisi zilizoandikwa "asilia", ambazo siku hizi hupangwa jirani na chokoleti, ni afadhali? (Mama wa Wawili)

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la lawama, kwa kuwa naona ndilo lililokufanya uandike. Rafu ile haikuwekwa pale kwa bahati. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, akamwachia mteja ajichukulie bidhaa mwenyewe badala ya kuhudumiwa na muuzaji aliyesimama nyuma ya meza. Na tangu mtindo huo ulipoenea, kazi ya kubembeleza wateja imehamia kwenye mpangilio wa rafu. Mteja anaweza kuipita sehemu ya vinywaji bila hata kuitupia jicho, lakini kwenye kaunta ya kulipia ni lazima afike, tena ni lazima asimame asubiri. Ndiyo maana nafasi ile ina thamani kubwa, na watengenezaji wa bidhaa mara nyingi huwalipa wenye maduka au huwapa punguzo ili bidhaa zao zikae pale. Vinavyopangwa ni vitu vidogo visivyohitaji friji, visivyooza upesi, ambavyo bei yake haimshtui mtu na ambavyo hakuna aliyeviandika kwenye orodha yake. Pipi huwekwa chini, mahali ambapo mkono wa mtoto hufika kabla ya jicho la mama.

Wewe nawe wakati huo unapakua vitu, unatafuta pochi na unamjibu keshia, huku mtoto ameshachoka kukaa. Mzazi awezaye kutoa somo la lishe katika hali hiyo, watu saba wakimtazama mgongoni, bado sijakutana naye. (Mumeo mwombe awapeleke yeye dukani kwa wiki mbili, kisha mzungumze upya.)

Wapo waliokwisha kuamua kwamba jambo hili haliwezi kuachiwa wazazi peke yao. Mji wa Berkeley, katika jimbo la California, ulipitisha mwaka 2020 sheria inayotaka vyakula vinavyowekwa kwenye kaunta za maduka makubwa visizidi gramu 5 za sukari iliyoongezwa na miligramu 200 za sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) kwa kila kipimo cha mlaji kilichoandikwa kwenye lebo. England nayo, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, imezuia maduka yenye ukubwa wa zaidi ya meta za mraba 185.8 kuweka vyakula vya pakiti vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi, kama vile chokoleti na peremende, ndani ya meta 2 kutoka kaunta ya kulipia au foleni yake.

Sasa niingie kwenye baa na juisi, ambako naomba uwe macho zaidi kuliko kwenye chokoleti, kwa sababu chokoleti haijawahi kujifanya dawa. Neno "asilia" peke yake halikuambii chochote kuhusu kiasi cha sukari. Geuza pakiti usome nyuma. Tuseme baa ina uzito wa gramu 30, na lebo inasema kila gramu 100 zina gramu 30 za sukari: mtoto atakula gramu 9, yaani zaidi ya vijiko viwili vya chai, kwa kuwa kijiko kimoja hubeba takriban gramu 4. Asali na sharubati zilizotumika kugandisha nafaka huhesabiwa kuwa sukari kama sukari nyingine. Juisi ndiyo inayowapotosha wengi. Chupa ya mililita 500 yenye gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100 ina gramu 50, hata kama hakuna aliyeongeza punje ya sukari kiwandani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya namna hiyo, ikiwemo ya juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayetumia kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50 zilezile, na kwa mtoto ni pungufu zaidi. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo katika hesabu hiyo. Karanga za pakiti ni chaguo zuri kwa mkubwa, mradi zisiwe zimejaa chumvi. Huyo wa miaka mitatu usimpe nzima, kwani zinaweza kumkaba.

Kuhusu foleni yenyewe, walishe kabla ya kutoka nyumbani. Mkubwa mpe kazi ya kupanga vitu kwenye kaunta. Mdogo mchagulie tunda mapema na mwambie kwamba hilo ndilo lake. Ukiamua kwamba siku hiyo mtanunua pipi, litamke kabla ya kuingia dukani, kamwe si baada ya kilio, kwa maana mtoto aliyelipwa kwa kulia atalia tena Jumamosi ijayo.

SWALI: Ninamiliki duka la kujihudumia lenye kaunta nne. Wateja wananishauri niondoe peremende kwenye kaunta. Je, sitapata hasara? (Mfanyabiashara)

JIBU: Mauzo ya peremende yatashuka, nisikufiche. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la PLOS Medicine, kuhusu supermaketi za Uingereza zilizojiwekea sera ya namna hiyo, ulionyesha kwamba ununuzi wa pipi, chokoleti na krispi za viazi ulipungua mara moja kwa takriban asilimia 17, na mwaka mmoja baadaye upungufu ulikuwa bado zaidi ya asilimia 15. Kwa hiyo swali lako hasa ni kile utakachoweka badala yake. Anza na kaunta mbili, uweke maji, karanga zisizo na chumvi, betri na miswaki, kisha ulinganishe mauzo na zile mbili nyingine. Matunda yauze kwa moja moja na si kwa kilo, la sivyo keshia atakuwa anapima ndizi huku foleni inarefuka, na uyakague kila asubuhi, kwa sababu tunda lililobonyea likionekana kwenye kaunta, mteja hataligusa wala majirani zake.

SWALI: Peremende zisizo na sukari zinazoning'inizwa hapo kaunta ni salama kwa mtoto? (Msomaji)

JIBU: Zile zilizotiwa zailitoli au sobitoli, yaani vitia utamu vinavyotumika badala ya sukari, haziozeshi meno kama sukari, lakini mtoto akimaliza pakiti nzima huenda akaharisha.