Kwa wadogo zangu mnaotaka kusomea bahari na barafu

Wadogo zangu mnaomaliza shahada ya kwanza au ya uzamili katika sayansi ya bahari, wengi wenu mnaniuliza swali lilelile: "Dada, hizi nafasi za kupanda meli za utafiti, au kufika mpaka Antaktika, watu wanazipataje?" Nitajibu kwa urefu kidogo. Kutuma orodha ya matangazo ni rahisi, lakini sijaona iliyomfikisha mtu mbali. Nafasi zipo, na baadhi zimewekwa mahsusi kwa watu wa nchi kama zetu. Anayezipata, kwa nilivyoona, ni yule aliyekwisha kuwa na swali lake la utafiti kabla tangazo halijatoka.

Swali ninalolisema si mada. "Mabadiliko ya tabianchi na bahari" ni mada, na kila mwombaji anaiandika. Kwa nini dagaa wa mkondo wa Pemba wanakuwa wengi msimu mmoja wa kusi na kuadimika msimu unaofuata, hilo ni swali. Lina mahali, lina majira, lina kitu cha kupima. Mtu akilisoma anajua unahitaji kujifunza kupima joto la maji, virutubisho na vijimea vya baharini, na papo hapo anajua kama maabara yake inaweza kukusaidia.

Na msijione wageni katika habari za ncha za dunia kwa kuwa hamjawahi kuona bahari iliyoganda. Nyangumi wenye nundu wanaopita Watamu na Kizimkazi kuanzia Julai wametoka kula krili, viumbe wadogo mfano wa kamba, katika Bahari ya Kusini, pembezoni mwa Antaktika, wakaja huku kwenye maji ya joto kuzaa. Barafu iliyolala juu ya bara lile ingeyeyuka yote, usawa wa bahari duniani ungepanda kwa mita zipatazo 58. Haitayeyuka yote leo wala kesho, lakini hata sehemu ndogo yake inatosha kutuhangaisha. Anayepima chumvi inayoingia kwenye mashamba ya mpunga Pemba anafanya kazi ileile ya mwenzake anayepima barafu inayomeguka kusini, ila yeye yuko mwisho wa mnyororo. Barafu tunayo hata nyumbani: kufikia 2011, takriban asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 lilikuwa limetoweka. Nasema haya kwa sababu nimesoma barua za maombi za vijana wetu, nyingi zinaanza kwa kuomba radhi kwamba wanatoka nchi isiyo na barafu. Usiombe radhi. Andika uhusiano uliopo.

Anzeni hapa hapa. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao yake Zanzibar na ipo tangu 1993. Mpango wake wa ruzuku ndogo uitwao MARG umewasaidia vijana wengi wa ukanda huu kufanya utafiti wao wa mwanzo, na kongamano lake la kisayansi hufanyika kila baada ya miaka miwili. Jumuiya hiyo ina mtandao wa watafiti chipukizi pia. Ruzuku ndogo ina faida ambayo wengi hawaioni: inakufundisha kuandika bajeti, kutoa ripoti kwa wakati na kumaliza ulichoanza. Mfadhili mkubwa akiona umeshamaliza kitu kimoja kidogo, anakuamini kuliko akiona cheti chenye alama za juu peke yake.

Jitambulisheni pia kwenye taasisi za kwetu, IMS, taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kule Zanzibar, TAFIRI, ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na KMFRI ya Mombasa, ya utafiti wa bahari na uvuvi Kenya. Meli ya utafiti ya Dr Fridtjof Nansen, inayoendeshwa chini ya mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Norway na kupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, imeshapima maji ya Tanzania na Kenya, na inapokuja huchukua wanasayansi wa nchi husika kupitia taasisi hizo. Jina lake ni la mvumbuzi aliyeiacha meli yake Fram ishikwe na barafu ya Aktiki kwa makusudi kati ya 1893 na 1896, ili ajue barafu inaelekea wapi. Aliyepangiwa nafasi kwenye meli kama hiyo ni yule ambaye taasisi inamfahamu kwa kazi, kijana aliyekuwa akija kusaidia kupima samaki sokoni hata siku ambazo hakuna posho.

Zana mnaweza kuanza kujifunza leo, bila senti ya mfadhili, ilimradi kuna kompyuta na intaneti ya kuazima. Kuna maboya ya Argo yapatayo 4,000 yanayoelea katika bahari za dunia. Kila moja hukaa kwenye kina cha mita 1,000, kila baada ya siku 10 hushuka mpaka mita 2,000, kisha hupanda juu likipima joto na chumvi njia nzima na kutuma vipimo kwa setilaiti. Data zake ni bure kwa kila mtu. Programu ya Ocean Data View, ya kuchora data za namna hiyo, nayo ni bure. Pakua data za boya moja lililopita nje ya Mombasa au Mtwara, chora joto kwa kina, jiulize mstari unapopinda pana nini. Ukiweza kufanya hivyo kwa lugha za kompyuta kama Python au R ni bora zaidi. Mafunzo ya OceanTeacher ya UNESCO yana kituo chake cha kanda KMFRI Mombasa, na kozi zake nyingi zinasomwa mtandaoni.

Sasa tuje kwenye barua ya mwenyeji, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ufadhili wa POGO na SCOR, mashirika ya kimataifa ya utafiti wa bahari, kwa mfano, hukupeleka kwenye taasisi ya bahari ya nchi nyingine kwa mwezi mmoja hadi mitatu, ukajifunze mbinu fulani. Lakini lazima awepo mtu kule anayekubali kukupokea. Vijana husubiri tangazo litoke, ndipo wanaanza kutafuta huyo mtu zikiwa zimebaki siku chache. Profesa anapokea barua pepe inayosema, "Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii, napenda sana bahari, naomba unipokee." Anaifunga. Hana ubaya, ila hajaona cha kujibu.

Andika miezi kadhaa kabla, na uandike kifupi. Sentensi ya kwanza iseme umesoma kazi yake ipi na nini ndani yake kinagusa swali lako. Ya pili iseme una nini mkononi: "Nina sampuli za maji za miezi sita kutoka vituo vinne vya mkondo wa Pemba, na nimepima virutubisho, ila sina uwezo wa kutambua vijimea kwa darubini." Ya tatu iseme unataka kujifunza nini kwake na kwa muda gani. Ambatisha mchoro mmoja uliouchora mwenyewe kutokana na data zako. Mchoro mmoja mzuri unajibiwa haraka kuliko wasifu wa kurasa tano. Asipojibu, subiri wiki mbili, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha mwandikie mwingine. Na mwalimu wako wa nyumbani mwombe barua ya kukupendekeza mapema, ukimpa na muhtasari wa ulichofanya chini yake, kwa sababu walimu wetu wana wanafunzi wengi na hawawezi kukumbuka kila mmoja.

Mafunzo marefu ninayoyapenda kuliko yote ni ya Nippon Foundation, mfuko wa hisani wa Japani, na POGO: watu 10 kwa mwaka kutoka nchi zinazoendelea, miezi 10. Yalianzia Bermuda, na mwaka 2013 yakahamia Ujerumani chini ya taasisi ya Alfred Wegener, ya utafiti wa bahari na ncha za dunia, kwenye visiwa vya Helgoland na Sylt. Helgoland ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini ambako maji yamekuwa yakipimwa kila siku ya kazi tangu 1962. Kukaa mahali pale kunakufundisha uvumilivu ambao darasa halifundishi. Unaona jinsi vipimo vidogo vya kila asubuhi, vilivyochukuliwa na watu waliokwisha staafu, vinavyoonyesha bahari inavyopata joto. Taasisi hiyo ndiyo yenye meli ya kuvunja barafu Polarstern, yenye urefu wa mita 118, inayofanya kazi tangu 1982. Ikivuka Atlantiki kuelekea kusini au kurudi, mara nyingine hubeba vijana wa mafunzo.

Njia nyingine ya kweli kwetu ni Afrika Kusini. Ndiyo nchi pekee ya Afrika yenye kituo cha kudumu Antaktika, SANAE IV, na ina meli ya S.A. Agulhas II. Tangu 2016 meli hiyo imekuwa ikibeba wanafunzi wa vyuo vya kule katika mpango wa SEAmester, darasa likiendeshwa juu ya maji. Tazameni vizuri masharti ya ufadhili wa ncha za dunia, kama ule wa SCAR, kamati ya kimataifa ya utafiti wa Antaktika, maana mara nyingi huangalia nchi mwanachama unakotoka au unakosoma. Uzamili wa Cape Town unaweza kukufungulia mlango ambao pasipoti pekee haifungui.

APECS, chama cha watafiti chipukizi wa ncha za dunia kilichozaliwa wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia wa 2007 na 2008, hakidai ada. Jiunge tu. Wakati IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ikiandaa ripoti yake maalumu ya bahari na barafu iliyotoka 2019, chama hicho kiliwakusanya vijana wakapitia rasimu na kupeleka maoni. Kazi kama hiyo haina malipo, lakini inakufundisha kusoma kwa jicho la mhakiki.

Ukishapata meli, jua kwamba kazi yenyewe ni ya zamu. Unaamshwa kabla ya saa sita usiku, unafanya kazi mpaka saa kumi alfajiri. Winchi inashusha fremu yenye vihisi vya joto, chumvi na kina, imezungukwa na chupa kubwa zinazofungwa moja moja inapopandishwa. Ikifika sitahani, hakuna kukimbilia chupa yoyote. Oksijeni huchukuliwa kwanza, chumvi mwisho, kwa sababu gesi hubadilika mara chupa inapofunguliwa. Unaingiza mpira mpaka chini ya kichupa cha kioo, unaacha maji yajae na kumwagika polepole, na unaangalia kama kuna kiputo cha hewa. Kikiwepo hata kimoja, unamwaga na kuanza upya. Unatia dawa mbili, unaziba, unatikisa, na maji yanageuka rangi ya kahawia. Ni mbinu ya Winkler ya mwaka 1888, na bado ndiyo inayotumika kuvisahihisha vihisi vya kisasa. Vidole vinakufa ganzi, maana maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.8, na ya huko yanakaribia hapo. Ukiweza kuchukua sampuli yako ya mwisho kwa uangalifu uleule wa ya kwanza, kiongozi wa msafara atakukumbuka. Bahari itakutapisha siku za mwanzo. Mwambie daktari wa meli mapema, kula mkate mkavu, toka nje utazame upeo wa macho.

Jifunzeni kuogelea. Nawaambia hasa wadogo zangu wa kike, kwa sababu wengi wetu tumekulia mita chache kutoka baharini bila kufundishwa. Mafunzo ya kujiokoa yanafanyika kwenye bwawa, ukiwa umevaa vazi zito, na unatakiwa kupanda kwenye chelezo cha mpira. Chuo kinachofundisha sayansi ya bahari bila kufundisha kuogelea kinawanyima wanafunzi wake haki yao. Kama unakula halali au unahitaji mahali pa kuswali, andika kwenye fomu kabla ya safari. Wapishi wa meli hupanga chakula mapema, na hakuna duka katikati ya bahari.

Kuhusu nyaraka: pasipoti iwe na muda wa kutosha, cheti cha afya cha kusafiri baharini kisichelewe, na meno yatibiwe kabla hujaondoka. Meli ikiondoka nchi moja na kumalizia nyingine, viza zote mbili ni mzigo wako. Mnaokwenda Svalbard, angalieni: visiwa vile viko chini ya Norway lakini nje ya eneo la Schengen, lile la viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo kwenda na kurudi kupitia Oslo kunahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Viza ya kuingia mara moja itakuacha huko.

Kazi hazipo vyuoni tu. Mamlaka ya hali ya hewa, mamlaka za bandari, usimamizi wa uvuvi wa bahari kuu na tathmini za mazingira vyote vinahitaji watu wanaoweza kusoma data za bahari. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, huyataka makampuni yenye mikataba ya utafutaji wa madini kufundisha watu wa nchi zinazoendelea. Maoni yoyote uliyonayo juu ya uchimbaji wa baharini, nchi zetu zinahitaji watu wanaoelewa yanayofanyika kule chini.

Kabla hujapanda meli ya watu, ulizeni kwa maandishi: data nilizochukua nitazitumia lini, na jina langu litakuwa wapi kwenye makala? Ulizeni kwa upole na mapema, kabla safari haijaanza. Mwenyeji mwema hufurahi kuulizwa. Sampuli zilizotoka kwenye maji yetu zibaki na nakala ya vipimo katika taasisi ya nyumbani, hata kama ni faili moja tu kwenye kompyuta ya idara.

Mwaka mwingine wa Kimataifa wa Ncha za Dunia unaandaliwa kwa 2032 na 2033, na maandalizi yake yameshaanza. Anayemaliza uzamili sasa anaweza kuwa na uzamivu wakati huo. Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Sayansi ya Bahari unaisha 2030, na una mpango wa wataalamu chipukizi wa bahari wenye tawi la Afrika. Jiandikisheni huko wiki hii, kisha fungueni ukurasa mtupu na kuandika swali lenu kwa sentensi moja. Mkishaliandika, nitumieni. Nitalisoma na kuwaambia ni nani wa kumwandikia.