Kumtambua Medea: mtazame mikono kwanza

Ndugu, umeuliza utamtofautishaje Medea (mama wa hadithi za Kigiriki aliyewaua wanawe) na Phaedra (aliyempenda mwana wa mumewe) kwenye michoro ya ukutani ya Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, maana wote ni wanawake wenye huzuni. Anza na mikono. Phaedra kwa kawaida ameketi, yaya yuko karibu, na mara nyingi kuna barua au Eros, mungu wa mapenzi. Medea husimama, ana upanga.

Mchoro wa Medea uliotoka Nyumba ya Dioscuri huko Pompeii, sasa uko makumbusho ya Napoli, unafundisha vizuri mno. Wanawe wawili wanacheza mchezo wa vifupa, mzee anayewalea anawaangalia. Mama yuko pembeni, upanga ungali alani. Damu hakuna, na hapo ndipo uchungu ulipo: bado anaweza kughairi. Kwenye ule wa Herculaneum, mji jirani wa Pompeii, Medea amebaki peke yake, vidole vimesokotana na upanga umelala mikononi. Kufumbatana kule kwa vidole ndiko kunakosema yote.

Kosa la kawaida ni kutafuta utulivu huo kwenye vyombo vya udongo vilivyochorwa vya Wagiriki wa kusini mwa Italia. Krateri (chombo kikubwa cha kuchanganyia divai) iliyo makumbusho ya Cleveland, Marekani, ya mwaka 400 hivi KK, inaonyesha mambo yamekwisha: Medea yuko juu, ndani ya duara la miali ya jua, kwenye gari linalovutwa na nyoka, na watoto wamelazwa madhabahuni. Huko upanga si alama ya kutegemea. Tafuta kofia ya kigeni yenye ncha, joho la nakshi na hao nyoka.